Tusiazime Matairi, Tusiazime Ucha Mungu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, sisi tuishio Randburg twajua kwamba teksi ya abiria hukaguliwa mara kwa mara, na gari la binafsi hukaguliwa linapopata mmiliki mpya. Mkaguzi hutazama breki, taa, usukani, mikanda na matairi, ambayo mifereji yake haifai kupungua kina cha milimita 1. Gari likishindwa, mwenyewe hupewa siku 14 alitengeneze na kulirejesha.

Wapo miongoni mwetu huazima matairi mazuri siku ya ukaguzi, na jioni wakarudisha yale ya vipara. Cheti wamekipata, lakini watoto wa watu wanapakiwa juu ya hatari.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta unyevu chini yake. Akamkemea muuzaji kwa kuuficha, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Tairi la kuazima ndilo unyevu huo.

Basi tujikague nyumbani kwanza: tuwashe taa zote, tukanyage breki, tupime matairi, na kilichoharibika tukitengeneze kikweli.

Na Ramadhani ndiyo muhula wetu wa matengenezo. Tusiazime ucha Mungu wa mwezi mmoja, tukaurejesha usiku wa Idi. Wabillahi taufiki.