Muuguzi Abaki Nyumbani

Serikali ya Kenya ilipotia sahihi mkataba na Uingereza, Julai 2021, ili wauguzi wetu wasio na ajira wakahudumu huko, ilikuwa imepita miaka minne tu tangu mgomo wa 2017 uliowaweka wauguzi wa kaunti nje ya wodi kwa takriban miezi mitano. Mama mjamzito wa mtaa wa Nyalenda, aamkiaye zahanati alfajiri, haja yake ni muuguzi mwenye ajira ya kudumu, alipwaye ijara yake kwa wakati na kupandishwa cheo kwa insafu. Lakini wauguzi walioajiriwa 2020, katika mpango wa Afya kwa Wote, walipewa kandarasi ya miaka mitatu, nayo, kwa rai yangu, haimtulizi mtu moyo wala haimzuii kusafiri.