Usafishaji wa Boti na Magati Unguja: Biashara ya Msimu na Suala la Makwanguo

Usafishaji wa vyombo vya baharini ni kazi ya kuondoa mwani, ukoga na viumbe vya magamba vinavyoota chini ya chombo, kisha kukiandaa kipakwe upya. Usafishaji wa gati ni kazi hiyohiyo kwenye ngazi, nguzo na kamba. Maana hiyo haihitaji kurefushwa mbele ya watu wa pwani: boti yenye uchafu ni nzito, hunywa mafuta mengi na huichosha mashine, na ngazi yenye ukoga huangusha watu.

Wateja wa kazi hii Unguja si wa aina moja. Mvuvi mwenye mashua ya mbao kwa kawaida hujifanyia mwenyewe pamoja na mabaharia wake. Hukichoma chombo kwa makuti makavu ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, hutia kalafati panapovuja, kisha hupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kikundi kidogo cha wasafishaji hakiwezi kuishi kwa kumtegemea mvuvi. Riziki yake hutoka kwenye boti za faiba zinazopeleka watalii Mnemba au kutazama pomboo Kizimkazi, na kwenye magati ya hoteli.

Msimu wake ni mfupi, tena una mkingamo. Wageni ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Disemba hadi Februari. Boti huwa hazina kazi Aprili na Mei, hoteli nyingi zikiwa zimefungwa, lakini hiyo ndiyo masika na rangi haikauki. Matokeo yake kila tajiri, yaani mwenye boti, hungoja siku za mwisho za Mei, na boti zote hudaiwa kuwa tayari wiki moja. Kikundi chenye busara hupanga miadi mapema, hupokea malipo ya awali ya kununulia rangi na brashi, na hutumia siku za mvua kusugua magati, maana gati halihitaji jua.

Kazi ya gati hufanywa maji yakipwa, kwa brashi ngumu, kwangulio na maji ya bahari, au kwa mashine ya maji ya presha pale zege ni zima. Dawa za klorini zisitumike, kwa sababu maji yake huishia kwenye matumbawe. Sehemu ya kushughulikiwa zaidi ni ile inayofunikwa na kufunuliwa na maji kila siku, kwa kuwa ndiko ukoga unakoota upesi na ndiko abiria wanakokanyaga.

Suala ambalo halijapatiwa ufumbuzi, pamoja na vikao vingi, ni makwanguo: vipande na vumbi la rangi ya zamani vinavyotoka chini ya boti.

Pwani haina vyelezo vya kutosha vya boti ndogo, kwa hiyo boti hupwelezwa. Wakati wa bamvua, inayokuja takriban kila baada ya wiki mbili kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja huweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Boti huletwa alfajiri, maji huikimbia, nayo hubaki juu ya mchanga ikiwa imeegemezwa gadi. Mafundi hupata kama saa tano au sita za mchana. Maji mafu hayawafai, kwa kuwa hayapwi vya kutosha kuifunua boti yote. Kwa hesabu hiyo mwezi mzima una siku zisizozidi kumi za kazi ya maana.

Ndani ya saa hizo, watu wawili hulala chali chini ya mkuku na kukwangua. Rangi hudondoka juu ya vifua vyao na pembeni yao, vipande vyekundu au vya buluu vyenye ukubwa wa maganda ya karanga, na vumbi lake hushika kwenye jasho la shingo. Saa nane bahari hurudi. Mkondo wa kwanza hugusa miguu ya gadi, hupita chini ya boti na kuviinua vipande vyote, ukaviacha kama ushanga kwenye mikunjo ya mchanga hadi maji yanayofuata yavisogeze mbali zaidi. Maji yanayoiinua boti bure ndiyo hayohayo yanayosomba kilichokwanguliwa.

Uzito wa jambo hili umo kwenye rangi yenyewe. Rangi ya chini ya boti imetengenezwa ili mwani usishike na wadudu wa magamba wasikae, na sumu yake ya kawaida ni shaba. Zamani zilitumika pia rangi zenye sumu ya bati, hadi ilipoonekana kwamba konokono wa baharini wa kike walikuwa wakiota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, na ukaanza kutumika mwaka 2008. Boti kuukuu iliyonunuliwa nje inaweza kuwa na tabaka la rangi hiyo chini ya rangi mpya, na kwangulio halibagui tabaka. Sasa Unguja mwani ni zao. Umelimwa kibiashara tangu mwaka 1989, Paje, Jambiani na kwingineko, na wakulima wake wengi ni wanawake. Pwani ileile inayopwelezewa boti ndiyo wanayoshukia wao maji yakipwa kukagua kamba zao au kuokota chaza. Sumu iliyobuniwa kuuzuia mwani haina mahali pabaya zaidi pa kumwagwa kuliko hapo.

Dawa yake inajulikana wala si ghali: turubai pana chini ya boti kabla ya kukwangua, msasa wa maji badala ya msasa mkavu ili vumbi lisiruke, na kukunja turubai maji yakiwa bado mbali. Kinachoikwamisha ni bei. Kutandaza, kufagia na kukunja hula muda mrefu katika saa chache zilizopo, na tajiri hulipa kwa boti, halipii turubai. Kikundi kinachotandaza humaliza boti moja, jirani yake asiyetandaza humaliza boti na kuanza ya pili. Baada ya misimu miwili mwaminifu hukosa kazi. Kuwahimiza wasafishaji wawe na moyo wa mazingira, kama inavyofanywa katika kila semina, ni kumtaka maskini agharamie peke yake usafi wa pwani ya wote.

Kwa upande wa usimamizi, ukaguzi wa vyombo huangalia usalama wa abiria, tathmini ya mazingira huangalia miradi mikubwa, na kamati za uvuvi za shehia huangalia uvuvi. Kila upande umetimiza wajibu wake kwa mujibu wa sheria. Boti ya mita nane iliyolala mchangani asubuhi moja imebaki katikati bila mwenyewe.

Inapendekezwa, kwa hiyo, turubai iwe sharti la kila anayekwangua kwenye pwani husika, mwenyeji na mgeni, kikundi na tajiri anayetumia vijana wake. Sharti la hiari halifai, kwa sababu zilizokwishaelezwa. Gharama yake iandikwe kama kipengele mbali katika makubaliano ya bei, ili anayeshindania kazi asiweze kuipunguza. Hoteli zinazoajiri boti ziwadai matajiri ushahidi kwamba makwanguo yalikusanywa; hoteli zina nguvu hiyo kuliko sheha. Kila pwani iteuliwe sehemu moja ya kupwelezea, mbali na mashamba ya mwani, na panapowezekana boti zipandishwe juu ya alama ya bamvua ili muda usiwe shinikizo.

Makwanguo yawekwe kwenye pipa lenye mfuniko, yasichomwe wala kufukiwa mchangani, na tajiri ayachukue pamoja na makopo ya rangi aliyoleta. Wasafishaji wapewe barakoa, miwani na glavu, na hizo nazo ziingie kwenye bei. Boti kuukuu kutoka nje isikwanguliwe kavu hata kidogo. Turubai, inarudiwa, iwe ya lazima kwa wote.

Mwisho, kamati ya shehia iweke daftari la miadi ya bamvua: tarehe, jina la boti, kikundi kilichoisafisha na kilo za makwanguo zilizotolewa. Daftari hilo litapunguza msongamano wa mwisho wa Mei, na litawapa wakulima wa mwani mahali pa kuuliza rangi iliyonasa kwenye kamba zao imetoka kwa nani.