MGUU ULE HAUKUROGWA

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo)



Leo tuweke hesabu pembeni. Tuzungumze juu ya miguu yetu.

Mnamkumbuka mama yule aliyekuwa akikaa mbele hapa? Mwaka jana aliacha kisomo. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kidonda kilikataa kupona. Watu wakasema ametegewa dawa njiani. Jirani yake akashukiwa. Mama hawa wawili walikuwa wakienda kisimani pamoja. Wakaacha hata kusalimiana.

Ndugu zangu, mguu ule haukurogwa. Ni mishipa ya damu iliyochoka.

Sikilizeni. Moyo husukuma damu mpaka miguuni. Damu hiyo lazima ipande tena mpaka moyoni. Tunapotembea, misuli ya mashavu ya miguu huikamua mishipa, na damu hupanda. Ndani ya mishipa mna vilango vidogo. Hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi chini.

Vilango hivi vikilegea, damu hurudi na kujaa miguuni. Mishipa huvimba na kujipinda kama mizizi ya mti. Jioni miguu huwa mizito. Baadaye ngozi karibu na kifundo hubadilika rangi, huwasha na kuwa ngumu. Mwisho, hata mkwaruzo mdogo huweza kuwa kidonda cha miezi mingi.

Je, ugonjwa huu ni wa kijiji chetu tu? Hata kidogo! Katika miaka ya 1990 wataalamu walipima watu 1,566 katika mji wa Edinburgh, huko Uskoti. Walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 64. Katika kila wanaume 100, kama 40 walikuwa na mishipa mikubwa ya miguu iliyovimba. Katika kila wanawake 100, kama 32. Sasa niambieni, watu wote hao walirogwa na nani?

Wengi wao hawapati kidonda. Lakini ni vizuri kujua nani yumo hatarini zaidi:

1. Mwenye umri mkubwa.
2. Ambaye mama au baba yake alikuwa na mishipa hiyo.
3. Mama aliyebeba mimba, hasa mimba nyingi.
4. Anayesimama siku nzima mahali pamoja, kama mpishi, kinyozi, na hata sisi walimu.
5. Mtu mnene sana.
6. Aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni.

Umri na ukoo hatuwezi kuvibadili. Lakini yako tunayoyaweza. Ukisimama muda mrefu, tembea kidogo, au inua visigino na kuvishusha mara nyingi. Ukipumzika, lala na uweke miguu juu kupita kifua. Punguza unene.

Ukiona ngozi imebadilika au kuna kidonda, nenda zahanati mapema. Usichanje mguu. Usitie majivu. Usijifunge kamba wala kitambaa cha kubana. Iko bendeji maalumu ya kukaza mguu, lakini mganga apime kwanza kama damu inafika vizuri mguuni.

Mshipa ukipasuka na kutoa damu, lala chini, inua mguu juu, kandamiza kwa kitambaa safi, kisha upelekwe zahanati. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usingoje kesho. Huenda ni damu iliyoganda. Ikipanda kwenye mapafu, huua.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hayo si matende?" Hapana, mzee wangu. Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Moyo na figo pia huweza kuvimbisha miguu. Ndiyo maana tunakwenda kupimwa, hatubahatishi.

Mama yetu sasa anafungwa bendeji kila wiki. Kidonda kimepungua, ingawa hakijafunga. Alimwendea jirani yake akamwomba radhi. Jirani alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Ndoo yako nitakubebea mimi, wewe pumzisha mguu."

Basi jioni ya leo, kila mmoja aitazame miguu yake na ya wazee wake nyumbani. Na ukimsikia mtu akimtaja mchawi, msomee ukurasa huu.