Muwasho wa Wanaume na Tyubu ya Krimu

Mwanaume akiwashwa sehemu za siri, daktari wake wa kwanza huwa muuza duka la dawa. Husema kwa sauti ya chini, hupewa tyubu ya krimu, huondoka haraka. Siku chache nafuu. Wiki mbili baadaye muwasho umerudi na hasira mpya.

Tatizo mara nyingi limo ndani ya tyubu hiyo. Krimu nyingi za mchanganyiko zina dawa ya fangasi pamoja na steroidi kali kama betamethasoni. Steroidi hutuliza muwasho upesi, lakini hudhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi hupata nafasi ya kuenea. Na ngozi ya korodani si kama ya mkono: utafiti wa Feldmann na Maibach, Marekani, mwaka 1967, ulionyesha inafyonza steroidi ya haidrokotisoni takriban mara 40 zaidi ya ngozi ya kigasha.

Tena si kila muwasho ni fangasi, wala si kila muwasho ni ugonjwa wa zinaa, ingawa wake wengi hulaumiwa hapo. Ukizidi usiku na watoto nao wanajikuna, fikiria upele; nyumba nzima hutibiwa siku moja. Fangasi wa kichwa cha uume wanaorudi rudi huweza kuwa dalili ya kisukari. Wakati mwingine ni sabuni tu.

Kwa hiyo, msikilizaji, muwasho ukirudi, acha tyubu. Nenda kituo cha afya, vua nguo uangaliwe, na uombe kupimwa sukari.