Mama Aliyefanya Nyumba Yake Kuwa Shule

Sisi waalimu husikia mara nyingi akina mama wakisema, "Kazi ni nyingi mno, nitamfundisha mtoto saa ngapi?" Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini na tumtazame Susanna Wesley, mama Mkristo wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1669, akaolewa na kasisi wa Epworth, katika Lincolnshire. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wachanga. Mumewe alikuwa na madeni, hata mwaka 1705 akatiwa gerezani. Basi mama huyu hakuwa na mali wala raha. Alichokuwa nacho ni utaratibu.

Mtoto alipotimiza miaka 5, alipewa siku moja ajifunze herufi. Kwanza nyumba ilitengenezwa, kila mtu akapewa kazi yake, na wote wakakatazwa kuingia chumbani tangu saa 3 hata saa 6, na tangu saa 8 hata saa 11. Wote, ila wawili, walizijua herufi siku ile ile. Kisha walianza kusoma mlango wa kwanza wa Mwanzo.

Februari 1709 nyumba iliteketea. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu, na huko wakaokota maneno machafu na utovu wa adabu. Kazi ya miaka mingi ikaharibika. Walipokusanyika tena, mama alianza upya. Akaweka desturi ya kuimba zaburi masomo yaanzapo na yaishapo. Saa 11 mtoto mkubwa alimchukua mdogo kabisa ajuaye kusema, wa pili akamchukua anayefuata, wakawasomea zaburi na Agano Jipya. Baadaye akatenga jioni ya kuzungumza na kila mtoto peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John, ambaye pamoja na nduguye Charles alianzisha Umethodisti.

Mwaka 1732 alimwandikia John kanuni zake. Mojawapo ni hii: binti asifundishwe kushona kabla hajajua kusoma vizuri sana, kwa kuwa ndiyo sababu wanawake wachache tu walijua kusoma vema.

Ndugu zetu, kanuni hiyo yatuhukumu sisi pia. Kaka akishika kitabu, ni nani atumwaye maji? Hatusemi binti asichote maji. Twasema wachote wote wawili, kisha wasome wote wawili. Wala hatusemi mama aige saa 6 za Epworth. Achague saa moja, kuni na maji vikiisha kuletwa. Mkubwa amsomee mdogo, na baba azuie wageni mlangoni. Siku moja ikiharibika, kesho aanze tena. Haba na haba hujaza kibaba.