Mkono Uliovunjika na Kofia Arobaini

Haya ni mazungumzo ya mmoja wa mama zetu hapa Salama, aliyoyatoa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaandika kama alivyozungumza, ila tumepunguza marudio.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Mwenyekiti wa vijana alinijia nyumbani akaniambia, "Mama, tunataka utuzungumzie juu ya subira." Nikamwambia, mwanangu, mimi si mwanachuoni. Elimu yangu ni ya sindano. Akasema, basi zungumza juu ya sindano. Kwa hivyo leo nitazungumza juu ya mkono wangu huu wa kulia, na yale uliyonifundisha ulipovunjika.

Kazi niliyoipenda

Wengi wenu mnanijua kwa kofia. Lakini kazi ya nyuzi niliianza kwa susu yangu, mama yake mama yangu, ambaye alikuwa msusi wa vyondo. Sisi huku Ukambani hatukuanza jana. Kabla katani haijaenea, wazee walikuwa wakitoa nyuzi kwenye magome ya mibuyu na vichaka, wanazisokota pajani, kisha wanasuka kuanzia kitako kwenda juu. Miaka ya 1980 kiondo kilipendwa sana ng'ambo, mpaka wenye viwanda huko Asia wakaanza kutoa vya kuiga kwa mashine, na kina mama wetu wakaumia. Hata hivyo hawakuacha. Nenda leo Kitui, nenda Wote, nenda soko lolote la Makueni, utawaona wanatembea huku wanasuka, ndoo iko kichwani na mikono iko kazini.

Kusokota nilijifunza kwa susu. Kroshia nilijifunza shuleni. Tangu hapo sijakaa bure. Nimeshona kwenye matatu, nimeshona nikingoja kujifungua, nimeshona msibani. Vitambaa vya makochi, sweta za watoto wachanga, kofia za Idd. Karo ya watoto wangu wawili imetoka kwenye vidole hivi. Sasa mtu wa namna hiyo ukimnyima mkono, amebaki na nini? Hilo ndilo swali nililokutana nalo.

Siku yenyewe

Ilikuwa Shaaban, mwezi wa Februari 2024. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa alikuwa ameniagiza kofia arobaini za kroshia, kila moja shilingi 300, na akanitumia 6,000 za mbele. Pesa zile nilishanunua uzi, na nyingine zikaingia kwenye karo. Nilikuwa nimemaliza kofia tisa.

Si mnaijua barabara yetu. Sisi tuko juu ya barabara kuu ya Mombasa, baada ya Malili na kabla ya Sultan Hamud, na matrela hayalali. Nilikuwa nyuma ya bodaboda natoka dukani. Lori likatubana, kijana akakwepa, tukaingia kokotoni. Yeye alisimama akajipangusa. Mimi niliutanguliza mkono ili nisiangukie uso, na hapo kwenye kifundo nikasikia kitu kimelia kama kijiti kikavu.

Kosa la kwanza nililifanya usiku uleule. Jirani mmoja, Allah amlipe kwa nia yake, aliniletea mkandaji. Akanikanda kwa mafuta, akanifunga kwa vijiti na kitambaa, akakaza sawasawa. Nililia usiku kucha. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, vimepoa, na rangi imebadilika. Mwanangu mkubwa hakuniuliza. Alikata kile kitambaa kwa makasi akanipeleka hospitali. Daktari alipoona picha akasema mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Kisha akaniambia neno ambalo nataka mlibebe nyumbani: kufunga mkono uliovunjika kwa kuukaza kunaweza kuzuia damu, na nyama ikikosa damu kwa saa chache tu inakufa. Kuna watu wamepoteza mkono mzima kwa sababu ya kifungo, wala si kwa sababu ya ule mfupa.

Wakanirudishia mfupa mahali pake, wakaniwekea plasta. Nikaambiwa wiki sita. Nikahesabu kwa vidole vya kushoto: wiki sita zinaniingiza kumi la mwisho la Ramadhan.

Mkono wa kushoto kwenye futari

Ramadhan iliingia tarehe 12 Machi. Jamani, sikujua ni mambo mangapi tunayafanya kwa mkono wa kulia mpaka nilipoukosa. Kufunga mtandio. Kukuna nazi. Kutia udhu. Na kubwa kuliko yote, kula. Tangu utotoni tumefundishwa kula kwa kulia, na mimi nimewachapa watoto wangu vidole kwa ajili hiyo. Siku ya kwanza nilialikwa futari kwa jirani. Nikachukua tende kwa kushoto, na mtoto mdogo akasema kwa sauti, "Mama, mbona yule anakula kwa kushoto?" Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Mimi nilirudi nyumbani nikalia, na siku tatu sikutoka.

Imamu alipata habari. Alikuja na mkewe, akanieleza kwa upole kwamba mwenye udhuru hana lawama. Sehemu iliyo wazi unaiosha, na juu ya plasta unapitisha mkono ulioloa maji. Kwenye sijda, kama mkono hauwezi kubeba uzito, unasali kadiri ya uwezo wako. Na saumu, Suratul Baqarah aya ya 184 na 185 zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mimi daktari alikuwa amenipangia dawa wakati wa futari na daku, kwa hivyo nilifunga. Lakini mwenye dawa ya mchana asijione ameshindwa. Aliyetoa amri ya kufunga ndiye aliyetoa na ruhusa.

Halafu akanikumbusha Talha bin Ubaydillah (R.A). Siku ya Uhud alimkinga Mtume (S.A.W) kwa mkono wake, na mkono ule ukapooza. Aliishi nao hivyo miaka mingi baadaye, na hakuna aliyemwona amepungua. Watu walikuwa wakiutazama mkono ule kwa heshima. Nikasema moyoni, wangu haukumkinga mtu, ulianguka tu kokotoni. Lakini angalau niliacha kuuficha chini ya buibui.

Uzi unaofumuliwa

Sasa nije kwenye kosa la pili, na hili ni langu peke yangu.

Zile kofia thelathini na moja zilizobaki zilikuwa hazinipi usingizi. Sikumwambia yule mfanyabiashara. Akipiga simu, namwambia, "Zinaendelea, inshaallah." Hiyo "inshaallah" niliitumia vibaya, naomba msamaha kwa Mola wangu. Usiku baada ya Tarawehe nilijifungia chumbani, nikaichomeka sindano kwenye vidole vilivyotokeza nje ya plasta, nikashona. Usiku wa tatu vidole vilivimba, na kidole gumba, cha shahada na cha kati vikafa ganzi. Nilirudi hospitali. Daktari akaniuliza, "Mama, unataka kofia thelathini mwaka huu, au unataka mkono miaka thelathini?" Sikuwa na jibu.

Nilipofika nyumbani nikazitazama kofia tatu nilizozishona. Zilikuwa zimepinda zote. Ikabidi nizifumue. Na nilipokuwa navuta uzi, nikakumbuka ile aya ya 92 ya Suratun Nahl, ya mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Miaka yote nilikuwa nikiisikia nafikiri inasema juu yetu sisi washonaji! Kumbe imekuja kuzungumzia ahadi. Nikaona kwamba kofia si kitu. Kilichokuwa kinafumuka ni neno langu.

Nikapiga simu saa ileile, kabla moyo haujapoa. Nikamwambia ukweli wote: mkono umevunjika, nimekuwa nikikudanganya, pesa zako nimezitumia, nitakulipa pole pole. Alinyamaza. Nikafikiri amekata simu. Kisha akasema, "Mama, ungeniambia Shaaban ningetafuta mtu mwingine. Sasa niletee unachoweza." Hakunitukana. Lakini maneno yale, "ungeniambia Shaaban", bado nayasikia.

Mikono mingine

Kesho yake nikawaita binti yangu, wasichana wawili wa madrasa, na mwanangu mdogo wa kiume. Huyu wa kiume akacheka: "Mama, hii ni kazi ya wanawake." Nikamwuliza, Mtume (S.A.W) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake, wewe ni nani? Akakaa chini.

Wallahi, kufundisha ni kugumu kuliko kushona. Mkono wangu ulikuwa unajua kitu ambacho mdomo wangu haukijui. Nilizoea kuonyesha, sasa ikabidi niseme: shika uzi hivi, usiuvute, ingiza hapa, hesabu sita, rudi. Mara nyingine nilitaka kuwanyang'anya. Kofia za kwanza zilikuwa kama vikombe. Tukafumua, tukaanza tena. Kufikia kumi la pili binti yangu alikuwa anatoa moja kwa siku mbili, na yule wa kiume, niwaambie ukweli, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote.

Tulimaliza kumi na saba. Pamoja na zile tisa zangu, ishirini na sita. Hizo ni 7,800. Toa 6,000 alizotanguliza, akanitumia 1,800. Watoto niliwalipa shilingi mia kwa kila kofia, yaani 1,700. Mimi nikabaki na noti moja ya mia. Sijawahi kupata mia tamu kama ile.

Mliyoyapata kwangu

Plasta ilitolewa tarehe 1 Aprili. Nilitegemea nitatoka nashona. Nikaona mkono mwembamba, mkavu, hauwezi hata kukamua kitambaa. Nilifundishwa mazoezi: kuulowesha kwenye maji ya vuguvugu, kufungua na kufunga vidole, kukunja kifundo taratibu, kufinya donge la uzi. Kila siku, asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu ndipo nilipomaliza kofia nzima. Hadi leo kifundo hakikunjiki kama zamani, na wakati wa baridi ya Julai kinaniuma. Sishoni tena usiku. Nilikuwa mtu wa kofia moja kwa siku, sasa ni moja kwa siku tatu. Nimekubali.

Vijana wangu, na nyinyi mnaoshona, mnaoandika, mnaobonyeza simu mchana na usiku, nawapa haya machache.

La kwanza, ukianguka na mkono ukavimba au ukapinda, nenda hospitali upigwe picha kabla mtu hajakukanda.

La pili, ukiwa na plasta, uinue mkono, na vidole uvichezeshe tangu siku ya kwanza. Kuvichezesha tu, si kuvifanyisha kazi kama nilivyofanya mimi. Vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, rudi hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

La tatu, hata bila ya kuanguka mkono huchoka. Ukiamka usiku una ganzi kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, huo ni mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo. Kina mama wajawazito na wenye kisukari huupata zaidi. Usisubiri mpaka uanze kuangusha vikombe.

La nne, pumzisha mkono kila baada ya nusu saa. Sindano nyembamba izungushie kitambaa au mpira wa tyubu ya baiskeli iwe nene, usiibane sana. Kazi iweke juu ya mto mapajani.

Na la tano, ukishindwa na ahadi, sema mapema. Mkono uliovunjika unafungwa plasta. Neno likivunjika, mwenyewe ndiye wa kulifunga, na kila siku unayochelewa linaungana vibaya.

Nilimwuliza Mola wangu nimebaki na nini bila ya mkono. Mwaka huu kofia za Idd mtakazoona hapa Salama zimeshonwa na vijana sita. Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye mkeka na kusema, "Fumua, anza tena."

Allah awaponye wagonjwa wetu, azipokee saumu zetu, na atupe ndimi za kusema kweli hata pale inapotuaibisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.