Tulivyokarabati Nyumba ya Mama Mara Mbili

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya familia kuhusu makazi bora.)

Waandaaji wa semina hii walituomba tuzungumzie makazi bora, na bila shaka walitegemea tuje na vipeperushi vya nyumba za tofali za saruji. Vipeperushi tumeviacha ofisini. Leo tunaomba tuzungumzie nyumba moja tu, ya mama yetu mzazi, ambayo sisi watoto wake watano tumeikarabati mara mbili: mara ya kwanza vibaya, mara ya pili kwa mikono yetu wenyewe.

Nyumba hiyo iko milimani Usambara, kwenye mteremko, na juu yake kuna migomba na kahawa. Baba aliijenga mwaka 1971. Msingi ni wa mawe, kuta ni za matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua na kuunganishwa kwa tope, na paa ni la bati juu ya kenchi za mkaratusi. Kila mwaka kabla ya Krismasi, mvua za vuli zikishapungua, mama na jirani zake walichimba udongo mwekundu, wakauchanganya na mchanga na kinyesi cha ng'ombe, wakasiriba pale palipobanduka, kisha wakapaka chokaa. Kazi yetu watoto ilikuwa kuchota maji. Tulipokwenda shule za mbali tukaanza kuiona kazi ile kuwa ni dalili ya umaskini, na tuliporudi likizo tulitafuta sababu ya kutoishika.

Baba alifariki mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikawa sherehe ya kumuaga mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa anaolewa, na tulijua wakwe watakuja na magari. Tukaona aibu. Tukachangishana, tukaleta fundi kutoka mjini, tukanunua mifuko ya saruji, na kwa muda wa wiki tatu nyumba nzima ikapigwa plasta ya saruji ndani na nje. Ndani tukapaka rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno na rangi ya maji juu yake. Nyumba iling'aa. Picha za sherehe zipo, na kwa kweli ukizitazama huwezi kuamini kuwa kuta zile ni za udongo.

Masika ya 2016 yalileta madoa chini ya madirisha. Tukapaka rangi juu yake. Masika yaliyofuata plasta ikavimba, na ukiigonga kwa kidole ilitoa sauti kama ngoma. Tukasema tutaiangalia. Usiku mmoja wa Aprili 2018 kipande chenye ukubwa wa meza kilibanduka ukutani chumbani kwa mama, kikaanguka juu ya mto aliokuwa akilalia mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameamka kwenda kukojoa.

Hatukuhitaji kuambiwa kuwa mambo yamefika mahali pabaya. Kikao cha familia kilifanyika wiki ile ile. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alikuja na ramani mkononi: tuivunje, tujenge ya tofali za saruji, vyumba vitatu vyenye vigae. Hoja yake haikuwa mbaya. Alisema mama amechoka, kusiriba ni kazi ya wenye nguvu, na fedha tulizozika kwenye plasta zingetosha msingi wa nyumba mpya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nyumba ya baba yenu haikuwa na ugonjwa mpaka mlipoivika koti la mvua kwa ndani na nje. Akauliza pia ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza kabla ya kuleta saruji. Hakuna aliyejibu. Wapendwa, sisi ambao katika kila andiko la mradi tunaandika juu ya ushirikishwaji wa walengwa, tulikuwa na mlengwa mmoja tu, tena ametuzaa, na hatukumshirikisha.

Tukakubaliana kwanza tuichunguze nyumba. Tulimwomba mzee mmoja aliyewahi kujenga pamoja na baba. Alikuja na timazi, nyundo na kisu cha jikoni. Aliteremsha timazi kwenye kona zote nne, na upande mbaya kuliko zote ulikuwa umeinama kwa chini ya unene wa kidole. Kisha alibandua plasta iliyolegea akachoma kisu kwenye matofali. Usawa wa kifua kisu kiligoma kuingia. Karibu na sakafu kiliingia mpaka kwenye mpini, na kilipotoka kilikuwa na tope.

Alitufafanulia jambo ambalo pamoja na digrii zetu hatukulijua. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, na jua na upepo vikija huutoa. Miaka 40 ukuta wetu uliishi hivyo. Plasta ya saruji ni ngumu, na haiachii unyevu utoke kwa urahisi. Aidha, udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, lakini saruji haiufuati, kwa hiyo viwili hivyo huachana na nyufa hutokea. Maji huingia kwa ufa mwembamba na hayapati njia ya kutoka. Rangi ya mafuta tuliyopaka ndani ilikuwa mfuniko wa mwisho. Kwa nje tuliona nyumba safi, na nyuma ya usafi ule matofali yalikuwa yanarudi kuwa tope.

Lakini yapo maji yaliyokuja kabla ya saruji. Mzee alituonyesha kuwa udongo wa nje, upande wa juu wa mteremko, ulikuwa umepanda na kuwa juu ya sakafu ya ndani kwa shubiri nzima. Mvua za miaka karibu 50 zilikuwa zimeuteremsha kutoka shambani kidogo kidogo, na msingi wa mawe ambao baba aliujenga kwa makusudi ulikuwa umefukiwa. Gata hazikuwepo. Tupige hesabu kidogo: paa letu ni kama mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya mchana mmoja tu, inaangusha juu ya paa hilo lita 1,600. Zote zilikuwa zinamwagika chini ya ukuta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa jembe, na rangi ilisubiri sana. Kuanzia Juni 2018 tulitumia Jumamosi zote na likizo zetu. Tulichimba udongo wa nje mpaka mawe ya msingi yakaonekana tena, tukachonga mtaro wa kuyapeleka maji ya mteremko pembeni, tukafunga gata na tangi. Kaka aliyekuja na ramani alichukua likizo ya wiki mbili. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti akitukosoa, siku ya tatu alikuwa mtaroni amevua shati. Baadaye tulibandua plasta yote kwa tindo na nyundo, tukiweka miti ya kuegemeza pale tofali za chini zilipolainika, na tukazibadilisha chache chache. Tofali mpya tulifyatua wenyewe kwa udongo ule ule. Kiunzi kimoja cha dirisha kilikuwa kimeliwa na mchwa, ambao walipanda kwa vichuguu vyembamba nyuma ya plasta bila mtu kuwaona. Hilo nalo ni la kukumbuka: ukuta ulio wazi unakuonyesha adui yako.

Kisha tukafanya kitu kigumu kuliko vyote, yaani kutofanya kitu. Tuliuacha ukuta uchi kwa miezi miwili ukauke. Majirani walituuliza kama fedha zimekwisha.

Septemba mama alichukua uongozi. Udongo wa kusiribia haukisiwi. Tulijaribu michanganyiko minne kwenye ukuta wa nyuma, tukaiacha wiki nzima. Iliyokuwa na udongo mwingi ilipasuka, iliyokuwa na mchanga mwingi ilitoka kama unga ukiifuta kwa mkono. Kwetu uliofaa ni ndoo moja ya udongo mwekundu kwa mbili za mchanga, pamoja na nyasi zilizokatwa fupi na kinyesi kibichi cha ng'ombe. Udongo wenu huenda ukataka vingine, hivyo jaribuni kwanza. Ukuta ulinyunyiziwa maji, tukasiriba mkono wa kwanza, tukauacha upasuke upendavyo, kisha mkono wa pili mwembamba ukaziba nyufa. Mama alikaa barazani akituelekeza kwa fimbo. Tulirudia ukuta wa sebule mara mbili kwa sababu hakuridhika.

Juu ya udongo tulipaka chokaa, na hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa kuwa watu wengi wamekosea. Chokaa ya shambani, ile inayouzwa kwa ajili ya udongo wenye tindikali, ni mawe yaliyosagwa tu, haitashika ukutani. Inayotakiwa ni chokaa iliyochomwa na kuzimwa, ya kujengea. Angalia pia mfuko usiwe umekaa wazi dukani siku nyingi, maana chokaa huvuta hewa na kugeuka jiwe tena, na nguvu yake imekwisha. Tuliiloweka kwenye pipa kwa wiki mbili, maji yakiwa juu yake daima. Wakati wa kupaka tuliipunguza mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Ukiipaka inaonekana kama maji matupu na unajisikia umeibiwa, lakini ikikauka inakuwa nyeupe. Ni lazima ipakwe nyembamba mara nne au tano, ukuta ukiwa na unyevu kidogo, jua likiwa halipigi. Wengine huongeza chumvi. Sisi hatukuongeza, kwa sababu chumvi huvuta unyevu. Vaeni miwani na glavu. Chokaa inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Ikirukia jichoni, osha kwa maji mengi mara moja na uende hospitali.

Wapo watakaosema tumerudi nyuma. Chokaa ndiyo iliyojenga Pwani yetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11, ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni hivyo hivyo. Wanaohifadhi majengo hayo wanajua vizuri madhara ya kuyaziba kwa saruji. Hata hivyo, hatusemi kila nyumba ya udongo iachwe. Kama timazi lingeonyesha ukuta umeinama sana, kama nyufa zingekuwa za kuingiza mkono, au msingi umezama upande mmoja, tungeifungua ramani ya kaka. Na ndugu zetu wa Kagera, baada ya tetemeko la Septemba 2016, wana haki ya kutuuliza maswali mengine.

Mapambo yalikuja mwisho, na yaligharimu kidogo kuliko yote. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa tuliuchanganya na chokaa, ukatupa rangi kama ya ganda la karanga mbichi. Dada zetu waliitumia kuzungushia madirisha na chini ya ukuta wa nje, mahali ambapo matope ya mvua huruka. Milango ilikuwa na matabaka ya rangi ya mafuta tangu zama za baba. Rangi za zamani za namna hiyo mara nyingi zina risasi, ambayo vumbi lake huwadhuru watoto, kwa hiyo tuliikwangua ikiwa imelowa, nje ya nyumba, wajukuu wakiwa wamepelekwa kwa shangazi. Chini yake tulikuta mbao za mkulo. Hakuna kati yetu aliyejua. Mama alijua, alikuwepo zilipopasuliwa. (Wenye nyumba au madarasa yaliyoezekwa kwa asbesto, tafadhali msiyakate wala kuyapiga msasa hata yakiwa yamelowa. Hiyo ni kazi ya wataalamu.)

Vuli ya mwaka 2023, mvua za El Niño zilipotunyeshea kwa wingi, tulikuwa tunapiga simu nyumbani kila jioni. Kuta zilisimama. Kona moja tu ya nyuma ililowa na kumeguka, kwa kuwa gata liliziba kwa majani na hakuna aliyepanda kulisafisha. Zamu ilikuwa yetu, na kikaoni tulikiri.

Ramani ya kaka bado ipo kabatini kwa mama. Anasema siku hizi ataijenga kwenye kiwanja chake chini ya barabara, na ametuomba mzee wetu akamwonyeshe maji yatapita wapi. Swali la nani atairithi nyumba ya zamani halijajibiwa, na tumekubaliana liandikwe mama akiwa hai na akiwepo kikaoni. Chumba cha nyuma bado kina plasta ya 2015. Tutaibandua masika yakiisha. Pipa la chokaa limekwisha kulowekwa uani, na anayetaka kujifunza anakaribishwa Jumamosi yoyote kuanzia Juni, ila aje na nguo za kazi. Mama haruhusu watazamaji.